Kuugua Ukiwa China: Mambo ya Kujua Kabla Homa Haijapanda

Kwetu mgonjwa huanzia zahanati au kituo cha afya, na tabibu wa hapo ndiye huamua kama apewe rufaa. China vituo vya afya vya mitaa vipo, ila wenyeji wengi huvipita na kwenda moja kwa moja hospitali kubwa, hasa zile za daraja la juu kabisa zinazoitwa sanjia, na idara ya kutibiwa huichagua mgonjwa mwenyewe. Uchaguzi huo hufanyika wakati wa guahao, yaani kujiandikisha na kulipia ada ya kumwona daktari, ama dirishani ukiwa na pasipoti mkononi, ama kwa simu kupitia programu za WeChat au Alipay. Ukikosea idara, daktari atakurudisha ukajiandikishe upya. Kwa hiyo jua jina la idara unayoitaka kabla ya kutoka nyumbani: neike ni magonjwa ya ndani, waike ni upasuaji, fuke ni magonjwa ya wanawake, erke ni watoto, na jizhen ni dharura.

Nilipougua mara ya kwanza nilikaa kwenye benchi nikingoja muuguzi aje kuniita. Hakuja mtu. Namba yangu ilipita kwenye skrini ya ukutani nikiwa naitazama, nisijue kuwa ni yangu. Nilipoingia hatimaye, daktari alinisikiliza kwa muda usiozidi dakika tatu huku akichapa kwenye kompyuta, akanipa kikaratasi, nami nikashukuru na kuanza kuelekea lango la kutokea nikidhani nimeandikiwa dawa. Bibi mmoja aliyekuwa kwenye foleni ndiye aliyenishika mkono, akakisoma kile kikaratasi, akaninyooshea kidole dirisha la malipo. Ndipo nikaelewa utaratibu: unalipia kipimo kwanza, kisha unakwenda kupimwa. Damu ilitolewa kwenye kaunta ndefu yenye madirisha, ambako unaingiza mkono kama unayekata tiketi ya basi, na majibu nilijichapishia mwenyewe kwenye mashine kwa kuionyesha kikaratasi changu. Majibu yakishatoka unarudi kwa daktari yuleyule, siku hiyohiyo, bila kupanga foleni ya kujiandikisha tena.

Jambo ninalolitilia mkazo kuliko yote ni homa. Shirika la Afya Duniani liliitangaza China kuwa nchi isiyo na malaria tarehe 30 Juni 2021, hivyo unaweza kukutana na daktari ambaye hajawahi kumtibu mgonjwa wa malaria hata mmoja. Ukipata homa baada ya kutoka likizo nyumbani, hata kama miezi kadhaa imepita, usingoje kuulizwa: sema umetoka Afrika, taja neno nüeji, ambalo ndilo malaria, na uombe kipimo cha damu. Mwenye homa anaweza kuelekezwa fare menzhen, kliniki ya homa yenye mlango wake wa peke yake. Kliniki hizo zilienea baada ya mlipuko wa 2003 wa SARS, ugonjwa wa mapafu wa kuambukiza, na wenyeji nao hupelekwa hukohuko. Ukikutwa na malaria usishtuke ukipigiwa simu na maofisa wa afya, kwani utaratibu wao ni kutoa taarifa ndani ya siku 1, kuchunguza chanzo ndani ya siku 3 na kuchukua hatua mahali husika ndani ya siku 7. Inachekesha kidogo, maana kiini cha dawa mseto tunayoimeza kwetu kilipatikana kwao. Mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, ulioitwa 523, ulianza Mei 1967, na mwanasayansi wake Tu Youyou, baada ya kusoma maelekezo ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, kwamba mmea wa qinghao ulowekwe majini kisha ukamuliwe, alishuku kuwa joto la kuchemsha ndilo lililokuwa likiiharibu dawa. Tuzo ya Nobeli aliipata mwaka 2015.

Lingine ni damu. Miongoni mwa Wahan, kabila kubwa kuliko yote China, watu wenye kundi la Rh hasi hawafiki asilimia 1, na wenyeji huiita xiongmao xue, damu ya panda. Mjamzito mwenye kundi hilo aiarifu hospitali mapema, si siku ya kujifungua. Mwenye selimundu naye abebe barua ya daktari wake iliyotafsiriwa kwa Kichina, kwa kuwa ugonjwa huo ni nadra sana huko na maumivu yake ni rahisi kudhaniwa kitu kingine.

Tiba ya jadi, zhongyi, ina hospitali zake kamili. Sina ugomvi na vijisindano vyake vikavu vya kuchomekwa mgongoni, lakini dawa ya kuchemsha si chai: mimea ya jamii ya Aristolochia imeharibu figo za watu, na mwaka 2003 China yenyewe ilipiga marufuku mmoja wa mimea hiyo, guan mutong. Anayetumia ARV au dawa za kuzuia damu kuganda amwonyeshe daktari kopo lake kabla ya kuandikiwa chochote.

Kuhusu fedha, ukilazwa utadaiwa amana kwanza, na bima kwa kawaida hurudisha baadaye, kwa hiyo tunza kila fapiao, ile risiti rasmi. Gari la wagonjwa huitwa kwa namba 120, nalo hulipiwa. Anayepokea simu huenda asijue Kiingereza, sembuse Kiswahili. Mwombe jirani akuandikie anwani yako kwa herufi za Kichina, ibandike nyuma ya mlango, na picha yake uiweke kwenye simu ya mtu unayeishi naye.