Kukata mti mkubwa mjini: usalama unaanzia kwenye bei

Mwongozo huu nimewaandikia mafundi wa Tanzania wanaokata na kupogoa miti kwenye makazi: miembe, mivinje, mikaratusi na minazi iliyobanana na mabati, kuta na nyaya. Nimeupanga kama kazi yenyewe inavyokwenda, ndiyo maana unaanza na pesa. Ukikubali bei ndogo mno, umeshamwondoa mtu wa chini, kamba ya pili na muda wa kukagua mti, hata kabla msumeno haujawashwa.

Hatua ya 1: Uone mti, ndipo utaje bei

Usipatane kwa picha ya simu. Nenda, uzunguke mti mzima. Uyoga kwenye kitako cha shina, udongo uliopasuka upande mmoja wa mizizi, au mlio wa utupu ukigonga kwa mgongo wa panga, vyote vinakuambia ndani kumeoza. Inua macho utafute matawi makavu yaliyonasa juu, maana hayo huanguka bila kuguswa. Mnazi uliokufa usiupande kabisa, kwa kuwa shina lake huoza ndani huku nje likionekana zima. Ukikuta nyuki, atangulie mrina asali, na malipo yake yaingie kwenye hesabu.

Bei yako ibebe watu watatu: wa kupanda, wa chini, na wa tatu anayejua kupanda ili amfuate mwenzake akikwama. Mwenye nyumba akisema fundi mwingine atafanya kwa nusu yake, mwache amwite. Najua hilo linauma mwisho wa mwezi, lakini watoto wako wanakuhitaji mzima.

Hatua ya 2: Umeme

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa la umeme halikupi nafasi ya kujirekebisha.

Nguzo za mitaani huweza kubeba njia ya volti 11,000 au 33,000 juu ya nyaya zinazoingia majumbani. Njia hiyo kubwa haihitaji kuguswa: umeme unaweza kuruka hewani ukakupata. Tawi bichi hupitisha umeme, likilowa ndiyo zaidi. Upondo wa mwanzi wenye unyevu nao hupitisha, na ngazi ya aluminiamu hata isijadiliwe.

Kanuni za usalama kazini za Marekani zinamtaka asiye fundi umeme akae angalau mita 3 kutoka kwenye njia isiyozidi volti 50,000. Mimi nautumia umbali huo kwa kila waya, na nahesabu mwili wangu, kifaa nilichoshika, pamoja na mahali tawi litakapofika likiyumba. Mti ukiwa ndani ya umbali huo, kazi inasimama mpaka TANESCO waje wazime njia na wenyewe wakuthibitishie. Mwenye nyumba akikuambia ameshazima meinswichi, mshukuru, lakini usipande. Meinswichi inakata umeme wa ndani tu. Waya unaotoka nguzoni bado una moto.

Waya ukianguka, kila mtu akae mbali, mita 10 au zaidi. Mwenzako akinaswa usimshike kabla umeme haujazimwa, hata kama anakuita kwa jina.

Hatua ya 3: Karatasi

Kwa mti wa barabarani au wa eneo la umma, anzia ofisi ya serikali ya mtaa, kisha ofisa maliasili wa halmashauri. Kama umeajiri watu, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, inayosimamiwa na OSHA (wakala wa serikali wa usalama na afya kazini), inakuhusu: usajili, tathmini ya hatari, na vifaa vya kinga ambavyo kuvitoa ni jukumu lako mwajiri. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 nayo inakutaka ujisajili WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi), na mchango unaulipa wewe. Usiukate kwenye posho ya kibarua.

Hatua ya 4: Uwanja wa chini

Kama mti unaangushwa mzima, watu wasiohusika wakae umbali wa mara mbili ya urefu wake. Funga njia kwa kamba au utepe, na uweke mtu wa kusimamisha bodaboda na watoto wanaotoka shule. Mtu wa chini hakokoti matawi wakati mwenzake anakata. Kazi yake ni macho na sauti. Wa juu anasema "Naachia!" na wa chini anajibu "Achia!" Kusipokuwa na jibu, msumeno haugusi mti.

Hatua ya 5: Vifaa na kupanda

Kofia ngumu, miwani, vizuia sauti (msumeno hupita desibeli 100), buti, na suruali ya kinga ambayo nyuzi zake huchomoka na kuusimamisha mnyororo. Kandambili ziache nyumbani.

Kamba ya manila ni ya kushushia matawi, si ya kubebea roho ya mtu. Panda na kamba iliyotengenezwa kwa kupandia, na kabla ya kukata kwa msumeno ukiwa juu, jifunge sehemu mbili, moja kwa kamba yenye waya wa chuma ndani. Shika kwa mikono miwili, usikate juu ya mabega, wala usiguse kitu kwa sehemu ya juu ya ncha: hapo ndipo msumeno hurukia usoni.

Hatua ya 6: Kuangusha

Safisha kwanza njia ya kukimbilia, nyuma kwa mshazari. Mkato wa mbele, upande mti utakakoangukia, uingie robo ya unene wa shina au pungufu kidogo. Mkato wa nyuma uache bawaba ya mbao, yaani kipande kisichokatwa katikati, takriban sehemu moja ya kumi ya unene. Bawaba hiyo ndiyo inayouongoza mti, usiimalize. Mkaratusi ulioinama mbele unaweza kupasuka kwa urefu na kumpiga aliyesimama nyuma. Huo mwachie fundi aliyefundishwa kuukata.

Hatua ya 7: Kuokoa

Kabla ya kupanda, mtu wa tatu awe ameshavaa mkanda wake wa kupandia. Aliyezimia akining'inia kwenye mkanda anaweza kufa akiwa hapo hapo, kwa hiyo ashushwe mara moja, bila kusubiri gari la Zimamoto. Piga 114 huku kazi ya kumshusha ikiendelea. Mkato unaotoa damu nyingi, kandamiza kwa kitambaa safi kwa nguvu, bila kuachia, hadi hospitali. Akishaondoka, kamba na msumeno vibaki vilipo, vipigwe picha, na mwajiri apeleke taarifa OSHA na WCF.