Usimjibu jaji "sijambo": kujiandaa kwa kikao cha rufaa ya mafao ya ulemavu Marekani

Jioni moja nilimfanyia kaka yangu mazoezi ya kikao chake cha rufaa. Nikamwuliza, "Mgongo unaendeleaje?" Akajibu, "Namshukuru Mungu, naendelea vizuri." Huku kakamata kiti kwa mikono miwili, jasho linamtoka. Hapo ndipo nilipojua kazi yetu iko wapi.

Tumelelewa kujibu "sijambo" hata homa ikiwa imepanda. Mbele ya jaji wa Social Security, idara ya serikali inayotoa mafao hayo, jibu hilo huingia kwenye kumbukumbu kama lilivyo, na mkalimani hutafsiri ulichosema, hatafsiri ulichoficha.

Dawa yake ni daftari. Wiki chache kabla ya kikao, andika kila jioni siku yako ilivyokwenda. Ukurasa mmoja wa kaka ulisomeka hivi: "Jumanne. Nimeosha sahani 4, nikakaa nusu saa, nikamalizia. Mchana nimelala kwa muda wa saa mbili, sababu ya ile dawa." Mistari hiyo ina uzito kuliko kusema "siwezi kazi". Jaji anataka kujua kama unaweza kufanya kazi siku nzima, siku 5 kwa wiki, na mara nyingi huwapo mtaalamu wa ajira anayeulizwa mtu wa hali kama yako angeweza kazi gani. Kwa hiyo taja dakika unazoweza kukaa, uzito unaobeba, na ni siku ngapi kwa mwezi huinuki kitandani. Wala usizidishe. Kama unapika, sema unapika, kisha eleza unavyokuwa ukishaepua chungu.

Daktari naye usimwombe aandike tu kwamba wewe ni mlemavu, maana uamuzi huo si wake. Mwombe aeleze unachoshindwa na kwa nini.

Tarehe hazina huruma. Ombi la kusikilizwa na jaji hupelekwa ndani ya siku 60 tangu upokee barua ya kukataliwa, na huhesabiwa umeipokea siku 5 baada ya tarehe iliyo juu yake. Ushahidi uwasilishwe, au uwajulishe Social Security kwamba kuna ushahidi bado unakuja, angalau siku 5 za kazi kabla ya kikao. Hospitali huchelewa kutoa faili, basi anza kuwafuatilia leo.

Mkalimani ni bure, ila mwombe mapema. Tafadhali usimkalishe mwanao kwenye kiti hicho; kuna mambo ya mwili wako hutayatamka mbele yake. Na kama Kiswahili cha mkalimani ni cha Kongo na chako ni cha pwani, mkapotezana, mwambie jaji papo hapo.

Siku yenyewe, maumivu yakizidi, omba ruhusa usimame. Kaka aliomba baada ya dakika 12. Jaji akamkubalia, na maswali yote yaliyobaki akayajibu ameegemea ukuta.