Unasomea ualimu wa muziki na fidla? Azima viola na chelo mapema

Kama ala yako kuu chuoni ni fidla na unajiandaa kufundisha, usingoje mazoezi ya ualimu ndipo uzishike ala nyingine za nyuzi. Darasani watoto wa fidla, viola, chelo na besi watakaa pamoja, na wote watakutazama wewe.

Viola haitakusumbua sana. Nyuzi zake ni C, G, D, A, na tatu kati ya hizo unazo tayari kwenye fidla; kazi ni kuzoea ufunguo wa alto, yaani alama ya mwanzo wa mistari inayoonyesha noti za viola zinavyosomwa.

Chelo ndiyo ya kuipa muda. Nyuzi zina majina yaleyale ya viola, oktava moja chini, lakini vidole hupangwa vingine. Kwenye uzi wa D, F shapu ya fidla ni kidole cha pili. Ya chelo ni cha tatu. G ni cha tatu kwenye fidla, cha nne kwenye chelo. Mwanafunzi akikuuliza, usijibu kwa mazoea ya fidla! Imba noti, ipige mwenyewe, ndipo umwonyeshe.

Besi ina E, A, D, G: kutoka uzi mmoja hadi unaofuata ni hatua ya noti nne (E, F, G, A), si tano kama kwenye ala zile nyingine tatu.