Kikapu cha okidi cha kujitengenezea

Okidi nyingi hapa Entebbe zinauawa na udongo. Mtu ananunua mche mzuri, anaushindilia mboji kwenye kopo la rangi, anamwagilia kila jioni, mizizi inaoza. Okidi hizi kwa asili yake hukaa juu ya miti, na mizizi yake inataka hewa hata kabla ya maji. Kwa hiyo mimi natumia kikapu kilicho wazi pande zote.

Muombe seremala mabaki ya mvule, mbao isiyooza upesi. Kata vipande vya sentimita 20, toboa tundu kila ncha, kisha vipange viwili huku, viwili kule, vikipandana hadi kina cha kiganja. Pitisha waya wa alumini kwenye matundu ya kona zote nne na uache mkia wa kuning'inizia. Waya wa shaba usiutumie kabisa, unadhuru okidi. Vipande vya kitako visogezane, mkaa utakaojaza ndani badala ya udongo usidondoke.

Mkaa wenyewe uvunje saizi ya kidole gumba, uuoshe mpaka maji yatoke safi, maana vumbi lake linaziba hewa. Mche ukae juu ya mkaa, usifukiwe. Ufunge kwa utepe wa soksi kuukuu hadi ushike. Ukiyumbayumba, ncha changa za mizizi zinakatika.

Kumwagilia, uliza mizizi. Ikiwa nyeupe ya kifedha, ina kiu; ikigeuka kijani mbele ya macho yako, imekunywa. Mwagilia asubuhi, kwa maji ya mvua ukiwa nayo. Machi hadi Mei mvua ikizidi, sogeza kikapu chini ya paa.

Ya kuanzia ningekushauri Ansellia africana, ya kwetu Afrika, maua ya njano yenye madoa ya kahawia kama chui. Itazame kwa karibu: baadhi ya mizizi yake inasimama wima kama sindano na kudaka majani makavu, ndiyo mbolea yake. Usiisafishe! Nunua kwa mwenye kitalu, tafadhali. Usiibandue msituni, okidi zetu zinapungua.

Itundike upande wa mashariki ipate jua la asubuhi. Majani yakiwa kijani kizito na maua hayaji, isogeze kwenye mwanga zaidi. Yakianza kuwa manjano, irudishe kivulini kidogo.