Klasta yako ni ya aina gani? Namna ya kuandika usanidi wa failova ukaeleweka

Pita ofisi mbili tatu hapa Tanga zenye seva za hifadhidata zinazolindana, uliza klasta yao, yaani kundi hilo la seva, ni ya aina gani. Utajibiwa "aktivu/pasivu" (seva moja inafanya kazi, nyingine inasubiri) au "aktivu/aktivu" (zote zinafanya kazi), basi. Uliza tena: nodi ngapi, instensi ngapi? Hapo ndipo majibu yanapoanza kupishana, hata kwa mafundi wa chumba kimoja. Mwongozo huu ni wa kuandika karatasi ya usanidi ambayo fundi wa zamu ya usiku, asiyekuwepo mlipofunga mitambo, ataisoma na kujua nini kiko wapi. Mifano ni ya SQL Server, programu ya hifadhidata ya Microsoft, juu ya Windows, maana ndiyo ninayoihudumia kila siku.

Hatua ya 1: Tenga nodi na instensi

Nodi ni seva yenyewe, ile yenye prosesa, RAM na nyaya. Instensi ni SQL Server inayoendeshwa kama huduma moja, yenye jina lake la mtandao, anwani yake ya IP na diski zake. Failova ikitokea, yaani kazi ikihamia seva nyingine baada ya moja kuzimika, nodi inabaki ilipo. Kinachohama ni instensi pamoja na vitu vyake vyote hivyo.

Tuseme nodi zako umeziita PONGWE na MUHEZA, na instensi ni MISHAHARA na GHALA. Andika hivi:

MISHAHARA: nyumbani PONGWE, yaweza kuhamia MUHEZA
GHALA: nyumbani MUHEZA, yaweza kuhamia PONGWE

Mistari miwili tu, na tayari umesema mengi kuliko "aktivu/aktivu". Programu za watumiaji ziunganishwe kwa jina la mtandao la instensi, kamwe si kwa jina la nodi. Aliyeandika PONGWE kwenye programu ya mishahara atapigiwa simu siku instensi itakapohamia MUHEZA.

Hatua ya 2: Hesabu instensi

Klasta yenye instensi moja iite klasta ya instensi moja, hata ikiwa na nodi tatu. Ikiwa na mbili au zaidi, ni ya instensi nyingi. Microsoft ilianza kuupendelea msamiati huu enzi za SQL Server 2000, na sababu inaeleweka: mkuu wa idara akisikia "aktivu/aktivu" anadhani seva mbili zinagawana kazi ya hifadhidata moja, kwa hiyo spidi imeongezeka maradufu. Sivyo. Ni kama daladala mbili, moja ya Raskazone na nyingine ya Pongwe, kila moja na abiria wake. Moja ikiharibika, nyingine inabeba abiria wa njia zote mbili. Hakuna siku zilipowahi kusaidiana kwenye njia moja.

Jina "aktivu/aktivu" linaistahili Oracle RAC, klasta ya hifadhidata ya kampuni ya Oracle, iliyotoka na Oracle 9i mwaka 2001: kule nodi kadhaa hufungua hifadhidata moja kwa wakati mmoja. Na ukihamia PostgreSQL, programu nyingine ya hifadhidata, jihadhari na neno klasta lenyewe. Nyaraka zao hulitumia kwa mkusanyiko wa hifadhidata zinazosimamiwa na seva moja, hata kama hakuna mashine ya pili kabisa.

Utasikia pia N+1. Maana yake nodi moja ya akiba inazilinda nyingine zote. Iandike hivyo, kisha taja nodi ya akiba ni ipi.

Hatua ya 3: Andika RAM ya siku mbaya

Hapa wengi hupita haraka, na hapa ndipo klasta huumbuka. Chukua nodi mbili, kila moja ina GB 128. Ukiweka kikomo cha kumbukumbu cha MISHAHARA kuwa GB 96 na cha GHALA GB 80, siku za kawaida mambo shwari. PONGWE ikizimika, instensi zote mbili zinajikuta MUHEZA na zinaruhusiwa kudai GB 176 kwenye mashine ya GB 128. Failova itakamilika, taa zitakuwa kijani, na watumiaji watalia kwamba mfumo umelala.

Kwa hiyo anza na jumla. Tenga GB 16 za Windows na mengineyo, kisha gawa 112 zilizobaki, mathalani 56 kwa 56. Ukiona ni kidogo, nunua RAM, au kubali kwa maandishi kwamba siku ya failova GHALA itapunguziwa, na utaje nani wa kuipunguza. Prosesa zipigiwe hesabu hiyohiyo.

Hatua ya 4: Kura na shahidi

Nodi hutumiana ishara za uhai kila sekunde. Katika Windows Server 2016, nodi zilizo kwenye mtandao mdogo mmoja zikikosa ishara 10 mfululizo, mwenzao huhesabiwa ameondoka. Kabla ya hapo zilikuwa 5. Anayebaki lazima awe na wingi wa kura, ambao ndio koramu. Bila hiyo, swichi ikifa, kila nodi ingejiona ndiyo iliyobaki, zote zikataka diski zilezile.

Nodi mbili zina kura mbili, kwa hiyo ongeza shahidi, yaani mpiga kura asiye nodi, ziwe tatu. Wingi ni mbili. Shahidi anaweza kuwa diski, folda ya mtandaoni, au hifadhi ya Azure (wingu la Microsoft) kuanzia toleo la 2016. Folda isikae juu ya nodi ya klasta hiyohiyo. Mimi napenda iwe jengo jingine kabisa, kwenye umeme mwingine, maana umeme wetu tunaujua. Andika shahidi ni wa aina gani na yuko wapi.

Hatua ya 5: Nakala ngapi za data?

Klasta ya failova yenye diski ya pamoja ina nakala moja tu. Diski ikifa, nodi zote mbili zitabaki zinatazamana. Vikundi vya Always On, vilivyoletwa na SQL Server 2012, huweka nakala kwenye kila nodi. Hapo taja pia kama nakala inasubiriwa kabla muamala haujakubaliwa, au inafuata nyuma. Kwa vyovyote bakapu bado ni lazima.

Hatua ya 6: Linganisha karatasi na mtambo

Kwenye PowerShell, dirisha la amri la Windows:

Get-ClusterGroup
Get-ClusterNode

Ndani ya SQL Server:

SELECT NodeName, status_description, is_current_owner FROM sys.dm_os_cluster_nodes;

Safu ya mwisho ikionyesha 1, instensi iko kwenye nodi hiyo sasa hivi. Isipolingana na karatasi, tafuta nani kaihamisha kabla hujagusa chochote.

Kisha ihamishe kwa makusudi, baada ya saa za kazi, kwa Move-ClusterGroup. Andika ilichukua muda gani hadi programu ya mishahara ikaingia tena, si hadi SQL Server ilipowaka. Hizo ni nyakati mbili tofauti. Kurejea nyumbani kwa instensi nako kuwe kwa mkono. Mpangilio wa kurejea zenyewe uzime, la sivyo PONGWE ikiwaka saa nne asubuhi, MISHAHARA itakatika mara ya pili katikati ya malipo.