Mtoto Mwenye Pumzi ya Kelele: Bronkoskopi Ughaibuni na Safari ya Kurudi Kigoma

Mama yangu, aliyeko Ujiji, alimsikia mjukuu wake akihema karibu na simu, akasema bila kusita: "Huyo ana kifua, mwanangu, msimwache na baridi." Kwetu Kigoma neno kifua hubeba mengi kwa pamoja: mafua yaliyoshuka, kichomi, pumu, na hata kikohozi kisichoisha ambacho nyumba nzima imekizoea. Huku ughaibuni daktari wa watoto alitueleza jambo jingine kabisa, kwamba koo la hewa la mtoto ni laini mno na hubonyea anapopumua, hali inayoitwa trakeomalesia, na akapendekeza afanyiwe bronkoskopi, yaani kipimo cha kutazama njia ya hewa kwa kifaa chenye kamera. Ninawaandikia wazazi wenzangu wa Kigoma na Tabora walio mbali na nyumbani, ambao huenda wanakabiliwa na uamuzi huohuo huku wakipanga kumpeleka mtoto kwa babu na bibi.

Koo la hewa hushikiliwa wazi na vipande vya gegedu (mfupa laini) vilivyopinda mfano wa herufi C, na upande wa nyuma huzibwa na utando laini. Gegedu likikosa ugumu, au utando ukiwa mpana kupita kiasi, bomba hilo hujibana mtoto anapotoa pumzi kwa nguvu, anapolia au anapokohoa. Sikilizeni kwa makini kelele inatokea wakati gani, kwa sababu zoloto, sehemu ya juu ya koo la hewa inayotoa sauti, ikilegea sauti husikika zaidi mtoto anapovuta pumzi, lakini sehemu ya koo la hewa iliyo ndani ya kifua ikilegea, sauti husikika anapoitoa, na kikohozi huwa kizito kama cha mbwa anayebweka. Watoto wengi wa namna hii hutibiwa pumu kwa miezi kadhaa bila nafuu. Kwa baadhi yao salbutamoli, dawa ya pumu ya kufungua njia ya hewa, huweza hata kuongeza tatizo, kwa kuwa hulegeza misuli ileile iliyokuwa ikisaidia kulikaza koo. Hali yenyewe si ya ajabu: utafiti wa Rotterdam nchini Uholanzi ulikadiria kwamba huzaliwa nayo angalau mtoto 1 kati ya 2,100.

Sasa kipimo chenyewe. Kuna kifaa kigumu kinachopitishwa mdomoni, na kuna mpira mwembamba unaopinda, wenye kamera, ambao kwa watoto wadogo mara nyingi huwa na unene wa milimita 2.8 na hupitishwa puani. Jambo ambalo ningependa kila mzazi alielewe kabla ya kutia saini ni kwamba jibu hutegemea sana jinsi mtoto anavyopumua wakati kamera iko ndani. Akilazwa usingizi mzito mno kwa dawa, pumzi yake huwa hafifu na koo lililolegea huonekana zima. Akisukumiwa hewa kwa mashine, shinikizo hilo hulitanua koo na kuficha ugonjwa. Usingizi ukiwa mwepesi mno, kukohoa na kuhangaika hulibonyeza kuliko ilivyo siku zote. Ndiyo maana daktari wa usingizi ni nusu ya kipimo hiki, na ni haki yako kumuuliza iwapo mtoto ataachwa apumue mwenyewe wakati koo linapotazamwa. Muulizeni pia mpima kama unene wa kifaa unaacha nafasi ya kutosha katika koo la mtoto mchanga.

Kwa kawaida koo huhesabiwa kuwa limelegea iwapo uwazi wake hupungua kwa zaidi ya asilimia 50 mtoto anapotoa pumzi. Kati ya 50 na 75 huitwa hali nyepesi, 75 hadi 90 ya wastani, na zaidi ya 90 kali. Takwimu hizo zinaonekana thabiti, lakini mara nyingi ni makadirio ya jicho, na madaktari wawili wanaotazama picha moja huweza kutofautiana. Kamera ikionyesha koo limebanwa kutoka nje na mahali hapo panadunda, huenda ni mshipa mkubwa wa damu, na picha ya CT (eksirei ya kompyuta) huhitajika ili mshipa wenyewe uonekane.

Kabla ya kipimo mtoto hukaa bila chakula kwa saa 6, na bila maziwa ya mama kwa takriban saa 4, ila fuateni saa mtakazopewa na hospitali yenu. Baadaye asinywe chochote mpaka ganzi ya kooni iishe. Sauti kukwaruza na homa ndogo ya siku hiyo si jambo la kushtua.

Msiondoke na karatasi ya mstari mmoja tu. Ombeni video ya kipimo, taarifa ya dawa za usingizi alizopewa na barua ya daktari, kwa sababu mtoto akizidiwa Kigoma atafikishwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, na rufaa ya kibingwa humaanisha Bugando, Mwanza, au Muhimbili, Dar es Salaam, ambako kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Ziwa Tanganyika liko takriban mita 770 tu juu ya usawa wa bahari, lakini hewa ndani ya ndege huweza kuwa kama ya mwinuko wa mita 2,400, hivyo mwenye hali kali apimwe kwanza kama atahitaji oksijeni angani.

Barua ya Kiswahili kwa familia ieleze kwamba watoto wengi hupata nafuu wanapokaribia miaka miwili, kadiri gegedu linavyokomaa, kwamba mafua kwake hushuka kifuani upesi kwa kuwa makohozi hayatoki vizuri, na kwamba midomo ikigeuka bluu, mbavu zikiingia ndani au akishindwa kunyonya, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Mama nilimwomba jambo moja zaidi, mtoto asikae karibu na moshi wa kuni. Kabla hatujafika, alikuwa ameshahamishia kigoda chake barazani.