Yoga na utulivu wa kila siku: pa kuanzia kwa mtu wa Kisumu, Nakuru na Magharibi ya Kenya

Anayetaka kuanza yoga kwa ajili ya kutuliza akili hahitaji mkeka maalumu wala mavazi ya kubana. Aanze na pumzi zake, na hasa ile anayoitoa. Mtu mwenye wasiwasi hupumua juu juu, kifuani, kwa haraka, na mabega yake hupanda bila yeye kujua. Mwili una njia yake ya kujituliza: neva ya vagasi, inayotoka kwenye shina la ubongo na kushuka hadi moyoni na tumboni, hupunguza kasi ya moyo, na kazi yake huonekana wazi zaidi wakati pumzi inapotoka. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uvute pumzi taratibu kisha uitoe taratibu zaidi. Huenda ukahisi mapigo yakiharakisha kidogo pumzi inapoingia na kulegea inapotoka. Ndiyo maana mazoezi ya kupumua yanayofuata yanarefusha pumzi inayotoka.

Keti kwenye kiti kigumu, nyayo zote mbili zikiwa zimegusa sakafu, na uweke kiganja kimoja juu ya kitovu. Vuta pumzi puani ukihesabu kimoyomoyo hadi 4, tumbo likikisukuma kiganja, kisha uitoe puani ukihesabu hadi 6, pasipo kuilazimisha. Hizo ni pumzi kama 6 kwa dakika, ilhali mtu mzima aliyetulia kwa kawaida hupumua mara 12 hadi 20. Endelea hivyo kwa dakika 5. Ukihisi kizunguzungu au vidole vikianza kufa ganzi, unavuta hewa kupita kiasi, kwa hiyo acha kuhesabu na urudie upumuaji wako wa kawaida. Usizuie pumzi katikati. Mbinu hiyo ipo katika yoga, lakini ni ya mtu mwenye mwalimu karibu naye. Aliyetoka pwani juzi akaja Nakuru, mji ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,850, au Eldoret iliyo juu zaidi ya hapo, huenda akaona pumzi zake ni fupi. Ahesabu 3 na 5 mpaka azoee.

Fanya zoezi hili peke yake kwa wiki nzima kabla ya kuongeza jingine lolote. Najua wengi hupenda kuanza na mikao, kwa kuwa mikao ndiyo inayoonekana kwenye picha, lakini mtu asiyejua pumzi yake iko wapi atajinyoosha huku amekaza taya na kukunja uso, na atainuka akiwa amechoka kuliko alivyoanza.

Mikao inahitaji nafasi ya urefu wa mwili wako tu. Katika nyumba ya chumba kimoja, sogeza meza na utandike jamvi, na juu yake blanketi iliyokunjwa mara mbili pale magoti yatakapokaa, kwa sababu sakafu ya saruji huumiza magoti upesi. Usivae soksi, zinateleza. Kisumu, saa nzuri ni asubuhi kabla jua halijapanda. Jioni nayo inafaa, ila fanyia ndani ya nyumba, maana ukanda wa ziwa una mbu waenezao malaria nao huamka giza linapoingia. Nakuru na Eldoret tatizo ni baridi, hasa mwezi Juni na Julai, kwa hiyo anza ukiwa na sweta na utembee papo hapo kwa dakika chache kabla ya kunyoosha misuli. Watoto wakitaka kujiunga, waache.

Mkao wa kwanza ni wa paka. Piga magoti, weka viganja sakafuni sambamba na mabega, na magoti yawe sambamba na nyonga. Pumzi inapoingia, acha tumbo lishuke, kifua kifunguke na macho yatazame mbele kidogo. Inapotoka, inua mgongo uwe tao, kidevu kikielekea kifuani. Pumzi ndiyo iongoze na mgongo ufuate, wala si kinyume chake, na hili ndilo jambo ambalo wengi hulikosa: humaliza tao wakiwa bado na hewa nusu kifuani. Nenda polepole kiasi kwamba kila pingili ya uti wa mgongo inapata zamu yake. Rudia mara 6 au 8, kisha rudisha makalio juu ya visigino, lalisha paji la uso kwenye jamvi au juu ya ngumi zako, na upumzike hapo kwa pumzi kama 10.

Baada ya hapo, chagua kulingana na kazi unayofanya, kwani mwili huhitaji kinyume cha ulichoufanyisha mchana kutwa. Aliyepalilia mahindi Trans Nzoia, au kuchuma chai Nandi, amekwisha kuinama vya kutosha, na kumwambia aguse vidole vya miguu ni kumwongezea uchovu. Yeye alale kifudifudi, aegemee vigasha vyake huku viwiko vikiwa chini ya mabega, na ainue kifua kidogo tu, makalio yakiwa yamelegea. Mwendesha bodaboda hukaa nyonga zikiwa zimekunjwa saa nyingi. Yeye aweke goti moja chini na mguu mwingine mbele, asogeze kiuno mbele mpaka ahisi mvuto upande wa mbele wa paja la mguu ulio nyuma, karibu na nyonga, kisha abadilishe upande.

Kwa anayeshinda amesimama, awe mwalimu, muuguzi au mchuuzi wa soko la Kibuye, hakuna mkao ninaoupenda kuliko wa miguu ukutani. Keti ubavu wako ukigusa ukuta, kisha lala chali huku ukigeuka na kupandisha miguu iegemee ukuta. Magoti yakivuta, sogea mbali kidogo na ukuta au uyakunje. Weka leso iliyokunjwa chini ya kichwa, mikono ilegee kando, na ukae dakika 5 hadi 10 ukiendelea na hesabu ya 4 na 6. Miguu iliyovimba kwa kusimama hupata nafuu, na ikifanywa kabla ya kulala, huandaa mwili kwa usingizi. Wakati wa kuinuka, kunja magoti, geukia ubavu, utulie kidogo, ndipo ukae.

Uzingativu ni upande wa pili wa kazi hii, nao ni kukipa umakini kinachotokea sasa hivi, mwilini na akilini, bila kukihukumu. Asili yake ni tafakuri za Kibuddha. Ulipata nafasi hospitalini kupitia Jon Kabat-Zinn, ambaye mwaka 1979 alianzisha katika chuo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, mafunzo kwa wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo wa mawazo. Kilicho muhimu kwetu ni kwamba uzingativu hausubiri chumba chenye kimya. Unaweza kuufanyia ndani ya matatu.

Chukua matatu ya abiria 14 inayosubiri kujaa Kisumu kabla ya kwenda Busia. Badala ya kutoa simu, hisi uzito wa mapaja yako juu ya kiti, joto la kioo kwenye bega, sauti ya makanga akiita, harufu ya mahindi ya kuchoma. Hutamaliza pumzi tano kabla akili haijakimbilia karo ya muhula ujao. Ikishafika huko, usiikemee. Sema moyoni “karo,” kisha urudi kwenye uzito wa mapaja. Dakika moja baadaye itakwenda kwa mwenye nyumba. Sema “kodi,” urudi tena. Wengi hukata tamaa hapa wakidhani wameshindwa kwa kuwa akili haitulii, kumbe kule kugundua kwamba imeondoka na kuirudisha ndilo zoezi lenyewe. Aliyeirudisha mara 20 kabla matatu haijaondoka amefanya mazoezi mara 20.

Vivyo hivyo jikoni. Unapochambua mboga kama mrenda au saga, chambua tu: sikia jani linavyokatika kwenye shina, angalia lililotobolewa na wadudu, hisi ubaridi wa maji unapoosha. Ukimaliza fungu moja hivyo, la pili unaweza kulichambua huku ukizungumza na wenzako kama kawaida.

Kufumba macho hakumfai kila mtu. Katika miji yetu, Nakuru, Eldoret na Kisumu, wapo wanaobeba kumbukumbu za ghasia za 2007 na 2008, na wapo waliofiwa au kuumizwa kwa njia ambazo jirani hajui. Mtu kama huyo akifumba macho katika kimya, picha zinaweza kumvamia. Afanye macho yakiwa wazi, atazame kitu kimoja kilicho mbele yake, akanyage sakafu kwa nguvu, na aache mara moja akiona hofu inapanda. Mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa au glakoma (presha ya macho) aepuke mikao inayoshusha kichwa chini ya moyo, na amwulize daktari kwanza hata kuhusu ule wa miguu ukutani. Mjamzito aepuke kujipinda sana tumbo, na katika miezi ya mwisho asilale chali. Maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni yaonwe na daktari kwanza. Tena, dawa usiziache kwa sababu unajisikia mtulivu. Asiyepata usingizi au hamu ya chakula kwa wiki mbili mfululizo, au anayewaza kujiua, aende hospitalini leo. Hospitali za rufaa za Nakuru, Kisumu na Eldoret zina huduma za afya ya akili.

Suala la imani nalo huulizwa kwa haki. Yoga ilizaliwa India na ina mizizi ya kidini, na si vyema kulificha hilo. Hata hivyo, kunyoosha mgongo na kurefusha pumzi hakumdai mtu akiri chochote, na nyimbo za Kisanskriti si lazima. Ninaona ni sawa kabisa Mkristo au Mwislamu akamalizia dakika zake za kimya kwa sala yake mwenyewe. Dhamiri ikikataa jina la yoga, achukue pumzi na mazoezi ya viungo tu, na hatapungukiwa.

Dakika 10 za kila siku zinafaa kuliko saa nzima ya Jumapili. Zifungamanishe na jambo ambalo tayari hulikosi, kwa mfano baada ya sala ya alfajiri au maji ya chai yakiwa mekoni. Ukiona peke yako huendelei, tafuteni watu watatu au wanne wa ploti moja, mmoja ahesabu kwa sauti na wengine wafuate, na kesho mwingine achukue zamu. Wazee wafanyie kwenye viti, wasilazimishwe kupiga magoti. Mkiamua kumlipa mwalimu, mwulizeni alifunzwa wapi na kwa muda gani, mwelezeni maradhi na majeraha mliyo nayo kabla ya kuanza, na yeyote anayesukuma mwili wa mtu kwa mikono yake bila kuomba ruhusa, msirudi kwake.